Taa za Zamani za Mapambo: Kuzihamishia Umeme wa Volti 12 Majumbani



Kila inapokaribia Sikukuu ya Idi, au unapoandama mwezi wa Maulidi, au inapotangazwa harusi mtaani, masanduku ya taa za mapambo huteremshwa kutoka juu ya makabati katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba. Ndani yake hutoka mikufu ya globu ndogondogo za rangi, mingine ikiwa na umri wa miaka thelathini au zaidi, iliyoletwa na jamaa waliorudi kutoka Dubai au Maskati. Hutoka pia fanusi za shaba zenye vioo vyekundu, vya kijani na vya samawati, ambazo zamani ziliwashwa kwa mafuta, na baadaye zikatiwa waya na globu za umeme. Taa hizo hupanguswa vumbi, hutandazwa juu ya mkeka, plagi hutiwa ukutani, na zikiwaka huhesabiwa kuwa ni nzima.

Hapo ndipo penye kosa. Taa kuwaka ni dalili kwamba umeme umepata njia. Si dalili kwamba njia hiyo ni salama. Na katika taa hizi za zamani, njia aghalabu si salama.

Umeme unaofika majumbani hapa Visiwani ni wa volti 230. Globu ndogo ya mkufu haiwezi kustahimili volti hizo. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa zamani walizifunga globu ishirini kwa mfululizo, moja nyuma ya nyingine, kila moja ikiwa ya volti 12, ili zigawane baina yao umeme wote wa ukuta. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini humpotosha mwenye nyumba. Husoma juu ya globu kuwa ni ya volti 12, akaamini kwamba anachokishika mkononi ni umeme mdogo kama wa betri ya gari. Sivyo hata kidogo. Waya ule umetoka ukutani moja kwa moja, na mwanzo wa mkufu una volti 230 kamili, sawasawa na tundu la plagi.

Jambo hili hudhihirika inapochomolewa globu moja. Mkufu wote huzimika, na mtoto akiona giza hudhani umeme umeondoka. Ilhali katika ile holda tupu, baina ya vipande viwili vya shaba, pana volti 230 zote zinazongoja pa kupitia, kwa kuwa globu zilizobaki hazipitishi tena mkondo na hivyo hazichukui sehemu yoyote ya volti hizo. Na holda hiyo ni tundu ambalo kidole cha mtoto huingia barabara.

Pana pia mazoea mengine yanayostahili kukemewa. Globu inapoungua na nyingine kama hiyo isipatikane madukani, baadhi ya watu huchukua karatasi ya fedha ya paketi ya sigara, wakaikunja na kuitia ndani ya holda ili mkufu uendelee kuwaka. Mkufu huwaka, tena kwa mwanga mkali zaidi, na mwenye kufanya hivyo hujiona fundi. Alichokifanya ni kupunguza idadi ya globu zinazogawana mzigo. Globu tano zikizibwa kwa namna hiyo, kumi na tano zinazobaki hubeba zaidi ya volti 15 kila moja badala ya kiasi cha volti 12, nazo huanza kuchemka, huungua haraka, na kila inayoungua hutiwa karatasi nyingine. Mkufu huo huwa umezungushwa juu ya maua ya plastiki, au pazia la melimeli, au juu ya makuti ya banda la harusi. Katika nyumba za Mji Mkongwe, ambamo dari zimelazwa juu ya boriti kavu na vichochoro ni vyembamba kiasi cha gari la zimamoto kutoweza kupita, hakuna haja ya kueleza kwa urefu kinachoweza kutokea.

Kwa upande wa fanusi za shaba, hatari yake ni ya namna nyingine. Waya uliopitishwa ndani ya mikono ya fanusi hizo miaka ya nyuma mara nyingi ni wa mpira uliovikwa kitambaa. Mpira huo, kwa joto la globu na hewa ya chumvi, hukauka na kumeguka kama mkate mkavu. Waya mtupu ukigusa shaba, fanusi nzima, pamoja na mnyororo wake, huwa na umeme wa ukutani. Na kwa vile nyingi hazikuunganishwa na waya wa ardhi, fyuzi haikatiki, bali fanusi hubaki ikining'inia kwa uzuri wake mpaka atokee mtu wa kuipangusa kwa kitambaa kibichi.

Basi kinachofuata katika familia nyingi ni mabishano. Mjukuu humwambia bibi yake, "Bibi, taa hii imeshakufa, itupwe tununue ya plastiki." Naye bibi hujibu, "Haikufa, mwanangu, waya wake ndio uliokufa." Katika mabishano hayo haki iko kwa bibi. Shaba na kioo havina kosa lolote, na fanusi za namna ile hazitengenezwi tena kwa urahisi. Kinachopasa kutolewa ni waya, holda na globu, na mahali pake kutiwa taa za LED za volti 12.

Taa za LED si jambo geni tena. LED ya kwanza yenye mwanga wa kuonekana, nyekundu, ilitengenezwa na Mmarekani Nick Holonyak mwaka 1962, na kwa miaka mingi ilitumika kama alama tu katika redio na mashine. Ilipopatikana LED ya samawati yenye nguvu, mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Japani, ndipo ilipowezekana kupata mwanga mweupe, kwa kuipaka ile ya samawati unga maalumu unaogeuza sehemu ya mwanga wake kuwa wa manjano. Wajapani Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, pamoja na Shuji Nakamura aliyezaliwa Japani, walipewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia kwa kazi hiyo mwaka 2014. Faida yake kwa mwenye nyumba ni kwamba globu ya zamani hugeuza zaidi ya tisa ya kumi ya umeme wake kuwa joto, ambapo LED hutoa mwanga uleule kwa kiasi kidogo sana cha umeme.

Ichukuliwe kwa mfano fanusi yenye globu sita za wati 40. Jumla yake ni wati 240. Ikiwashwa saa tano kila usiku kwa mwezi mzima wa Ramadhani, hula uniti 36. Fanusi hiyohiyo ikitiwa globu sita za LED za wati 5, jumla huwa wati 30, na kwa mwezi huohuo hula uniti 4 na nusu. Mwenye mita ya kununua umeme kabla ya kuutumia hahitaji kuelezwa tofauti hiyo.

Hata hivyo, lililo muhimu zaidi katika mazungumzo haya si uniti. Wako wananchi walioingia dukani wakanunua mkufu mpya wa LED, wakaambiwa na muuzaji kwamba ni wa volti chache kwa sababu kila kitaa ni cha volti 3, nao wakarudi nyumbani wakiwa na moyo mkunjufu. Kumbe mkufu huo una vitaa vingi vilivyofungwa kwa mfululizo na kuunganishwa na umeme wa ukutani bila ya transfoma yoyote, ila kijisanduku kidogo cha kubadilisha mimweko. Huo ni mkufu wa zamani katika vazi jipya. Volti chache hazimo ndani ya taa. Zimo ndani ya kifaa kinachousimamisha umeme wa ukutani upande mmoja na kutoa umeme mwingine mdogo upande wa pili, bila ya waya wa huku kugusana na waya wa kule. Kifaa hicho ni transfoma au adapta yenye transfoma ndani yake. Pasipokuwa nacho hapana volti chache, hata boksi liandikwe nini.

Adapta inayofaa hutambulikana. Juu yake huandikwa kwamba inaingiza volti 230 na inatoa volti 12 za mkondo mnyoofu, yaani mkondo kama wa betri, wenye chanya na hasi. Huandikwa pia ampea zake au wati zake, na huwekwa alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa, maana yake kuwa imekingwa mara mbili. Adapta nyepesi mno isiyo na maandishi yoyote iachwe dukani. Uwezo wake uwe mkubwa kuliko mahitaji kwa kiasi cha robo: fanusi ya wati 30 ipewe adapta ya wati 40. Nayo ikae ndani ya nyumba pahali pakavu penye hewa. Isizikwe ndani ya mapazia wala isitundikwe nje ya roshani.

Baadhi ya watu wanazo transfoma nzito za zamani za chuma, zilizokuwa zikiendesha kengele au taa za halojeni, na hupenda kuzitumia. Hapa pana mtego. Transfoma hiyo hutoa volti 12 za mkondo geu, na LED haikubali mkondo isipokuwa kwa upande mmoja tu. Fundi akiweka dayodi nne na kapasita ili kuunyoosha mkondo, volti zinazotoka si 12 tena bali ni zaidi ya 15, na taa zilizotengenezwa kwa volti 12 huungua baada ya siku chache, kisha lawama hutiwa LED. Na zile transfoma ndogo za elektroniki za halojeni nazo huhitaji mzigo mkubwa ndipo zifanye kazi. Zikipewa wati chache za LED humetameta au hukataa kabisa. Ushauri ni kuziacha zote na kununua adapta iliyotengenezwa kwa kazi hii.

Kazi yenyewe haitaki haraka. Kwanza plagi itolewe ukutani. Na kwa fanusi iliyofungwa darini moja kwa moja, swichi kuu ya nyumba izimwe na fundi aitenganishe, kwa maana kuzima swichi ya chumba peke yake hakutoshi: mara nyingi swichi hizo zimefungwa kwenye waya usiofaa. Fanusi iteremshwe chini. Waya wote wa zamani utolewe, na usibakishwe hata kipande kwa kisingizio kwamba bado unaonekana mzuri. Anayetaka ushahidi aukunje mara mbili kwa vidole atauona unavyopasuka. Kabla ya kupitisha waya mpya, kingo za mabomba ya shaba zilainishwe kwa tupa, kwani kingo kali ndizo zinazochubua waya.

Holda za zamani zinazochukua globu za kawaida za nyumbani ni bora zisitumike tena. Sababu yake ni kwamba mwaka mwingine atakuja mtu asiyejua, achukue globu ya volti 12 kutoka katika fanusi na kuitia katika taa ya ukutani ya volti 230, nayo impasukie usoni. Zitumike holda ndogo za globu za pini mbili nyembamba, ambazo haziingiliani na taa nyingine za nyumba. Pakikosekana budi, kibandikwe kikaratasi juu ya fanusi kinachosema wazi kuwa ni ya volti 12 tu.

Kwa mikufu ya globu ndogo, mwenye ujuzi wa kulehemu anaweza kutia LED ndani ya vifuniko vilevile vya zamani vya rangi, vile vyenye umbo la ua au taa ya Aladini ambavyo watoto wa wakati ule walivipenda. LED nyeupe, ya kijani au ya samawati huhitaji kiasi cha volti 3, na nyekundu au ya manjano kiasi cha volti 2, kwa mkondo usiozidi ampea 0.02. LED tatu nyeupe zikifungwa kwa mfululizo huchukua volti 9.3 hivi, katika volti 12 hubaki volti 2.7, nazo zikigawanywa kwa ampea 0.02 hupatikana omu 135. Basi rezista inayopatikana madukani iliyo juu yake kidogo, ya omu 150, hutiwa katika kila kundi la LED tatu. Kwa nyekundu zinaweza kufungwa nne kwa rezista ya omu 220. Makundi hayo kisha huunganishwa sambamba, kila kundi likipata volti 12 zake. Kwa mpangilio huu kitaa kimoja kikifa huzimika kundi lake tu, na aliyeingiza kidole mahali pake hapati madhara. Kila kiungo kilehemiwe na kufunikwa, kwa kuwa shaba iliyoachwa wazi karibu na bahari hugeuka kijani katika msimu mmoja.

Liko jambo ambalo hata mafundi wenye uzoefu wa umeme wa nyumba hulisahau. Volti zinapopungua, mkondo huongezeka. Wati 30 kwa volti 230 ni mkondo mdogo sana, lakini kwa volti 12 ni ampea 2 na nusu, na mkondo huo ukipita katika waya mwembamba wa milimita moja ya mraba kwa masafa ya mita 10, kwenda na kurudi, hupotea karibu volti 0.9 njiani. Taa za mwisho huwa hafifu, na watu hudhani zimeharibika. Waya wa milimita 2.5 hupunguza upotevu huo hadi kiasi cha volti 0.35. Adapta isogezwe karibu na taa kadiri inavyowezekana.

Wala asidhani mtu kwamba volti 12 haziunguzi nyumba. Hazimpigi mtu mwenye mikono mikavu, hilo ni kweli. Lakini betri ya gari ikigusanishwa ncha zake kwa waya mwembamba, waya huo huwa mwekundu kwa muda wa kupepesa jicho. Kwa hivyo fyuzi ni lazima, nayo itiwe karibu kabisa na ncha ya chanya ya betri. Kwa fanusi iliyotajwa, fyuzi ya ampea 4 au 5 inatosha.

Betri imetajwa kwa makusudi. Wakaazi wa Unguja hawajasahau mwezi wa Mei 2008, kisiwa kilipokosa umeme kwa takriban mwezi mmoja, wala tarehe 10 Disemba 2009, ulipoondoka tena usirejee mpaka Machi 2010. Waya wa baharini wa megawati 100 uliozinduliwa mwaka 2013 umeleta nafuu kubwa, lakini waliozalisha na kusoma kwa mwanga wa mshumaa katika miezi ile hawatazarau taa inayoweza kuwashwa kwa betri. Fanusi ya wati 30 ya volti 12 itawaka kwa saa 12 hivi kwa nusu ya chaji ya betri ya ampea-saa 60, bila ya jenereta. Mwenye nia hiyo akumbuke tu kwamba betri inapochajiwa hufika volti 14 na zaidi, hivyo yale makundi ya LED tatu nyeupe yatiwe rezista ya omu 270 badala ya 150. Mwanga utapungua kidogo, na taa zitadumu.

Kuhusu rangi ya mwanga, malalamiko ni mengi na yana haki. Mtu hutia LED nyeupe ya baridi, ile iliyoandikwa 6500, ndani ya fanusi ya kioo chekundu, na chumba kikawa kama duka la dawa huku kioo kikiwa na rangi ya ini. Mwanga ule una wekundu mchache, na kioo chekundu hakiwezi kutoa ambacho hakikutiwa. Zitafutwe zilizoandikwa 2700 au 3000, ambazo mwanga wake unakaribia ule wa globu za zamani. Pia fanusi iliyofungwa pande zote iachiwe upenyo juu, kwani LED nayo hupata joto kwenye kitako chake, na joto ndilo linaloifupishia umri.

Taa zitakazotundikwa nje, juu ya roshani au kwenye banda, hata zikiwa za volti 12, adapta yake iunganishwe na umeme kupitia kifaa kinachokata umeme unapovuja kwa miliampea 30. Kazi ya kufunga kifaa hicho katika ubao wa fyuzi ni ya fundi wa umeme anayetambulikana, si ya kijana wa mtaani mwenye testa.

Mikufu ile ambayo haistahiki tena kutengenezwa isitolewe sadaka kwa jirani wala kutupwa jaani ikiwa nzima, kwani watoto huiokota wakaenda kuijaribu. Plagi ikatwe na kutengwa na waya, na waya ukatwe vipande vipande, siku ileile mkufu unapotolewa.